Vikombe Viwili vya Mama Almaz

Mimi naitwa Eliufoo, mwalimu mstaafu wa jiografia, na niseme mapema tusije tukapotezeana muda: hiki ninachosimulia ni aibu yangu mwenyewe. Hakuna aliyenisukuma. Watu humsingizia Shetani mambo mengi, lakini siku ile hakuwepo, alikuwa na shughuli zake kwingine.

Nimefundisha miaka thelathini na minne katika shule za msingi za Machame, mlimani Kilimanjaro. Ramani ya Afrika nimeichora ubaoni mara nyingi mpaka mkono unaijua wenyewe, hata nikiwa nimegeuka nawatazama watundu wa nyuma. Mito, maziwa, miji mikuu, mazao ya biashara, niulize chochote. Lakini mwenyewe sikuwahi kuvuka mpaka wowote isipokuwa pale Namanga, na nilivuka kwenda kununua sufuria, nikarudi kabla ya chakula cha mchana. Wanafunzi wangu hilo sikuwaambia. Walidhani mwalimu kazunguka dunia, nami nikawaacha wadhani hivyo.

Sasa mwaka juzi kikundi chetu cha wakulima wa kahawa kilipata ufadhili wa kupeleka watu kumi Ethiopia. Wiki mbili, kulala majumbani kwa wakulima wenzetu, kula nao, kuona wanavyoitunza kahawa yao. Mwenyekiti wetu, Martha, mwanamke asiyependa maneno mengi, alinifuata hadi bandani nikiwa nakamua.

"Mwalimu," akasema, "wewe ni mmoja wa wale kumi. Na ni wewe utakayetuandaa. Hatutaki kwenda kuaibika kwa watu. Kila Jumamosi, nyumbani kwangu, utufundishe mila zao mpaka siku ya safari."

Loo! Nilikuwa nimestaafu miaka mitatu, sina wa kumfokea ila ng'ombe. Leo napewa tena ubao na watu wazima wa kukaa kimya nikisema. Nilimwaga maziwa kidogo kwa furaha.

Nikajipanga. Nikanunua daftari kubwa la jalada gumu. Nikamwomba mwanangu aliye Arusha anitumie habari kwenye simu, nikasoma hadi macho yakauma. Nikajua kwamba Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, asubuhi ikianza inaanza saa moja, siyo saa saba kama wazungu. Kwamba mwaka wao una miezi kumi na mitatu. Kwamba wengi wao hufunga Jumatano na Ijumaa, hawagusi nyama wala maziwa, kwa hiyo usimpelekee mtu mtindi siku hiyo ukadhani umemheshimu. Kwamba chakula chao, injera, ni kama chapati kubwa laini yenye vitundu, unga wake huachwa uchachuke siku tatu, na wote mnakula sinia moja kwa mkono wa kulia. Na kwamba mwenyeji akikupenda hukata tonge akakulisha mwenyewe mdomoni.

Nilipofundisha hilo darasani, Pamela aliruka. Pamela ni mama wa makamo anayeuza maziwa njia panda, na mdomo wake hauna breki.

"Mwalimu, ngoja. Yaani baba mwenye nyumba ananilisha mimi mdomoni, na mke wake yupo anatazama?"

"Yupo."

"Na mimi nafanyaje?"

"Unafungua mdomo, Pamela. Kazi ambayo hujawahi kushindwa."

Watu walicheka hadi Mzee Isack akapaliwa na chai. Huyu Mzee Isack ni baba mkwe wa Martha, miaka themanini na sita. Yeye hakuwa miongoni mwa wasafiri, lakini kila Jumamosi alitoa kiti chake akakaa mbele kabisa chini ya turubai, kikombe mkononi, anasikiliza kuliko wote.

Somo nililolipenda mimi lilikuwa la kahawa. Nililifundisha Jumamosi mbili nzima. Mama wa nyumba hukaanga kahawa mbele yenu, moshi wake mnaunusa, anaitwanga, anaichemsha kwenye birika la udongo liitwalo jebena, anachoma ubani, anawapa bisi mtafune. Halafu vikombe vitatu. Cha kwanza ni kikali, cha pili ni cha mazungumzo, cha tatu ni baraka. Anayeondoka kabla ya kikombe cha tatu ameondoka bila baraka ya nyumba ile. Niliandika ubaoni VIKOMBE VITATU, nikapiga mstari chini yake mara mbili.

"Na mwenye nyumba asipokumiminia cha tatu?" Pamela akauliza.

"Hilo halitokei," nikajibu. "Labda uwe umemkosea sana."

Nilijibu hivyo bila hata kufikiri, nikafuta ubao.

Sasa nifungue moyo. Wakati nafundisha yote hayo, mimi mwenyewe sijawahi kunywa kahawa. Hata kikombe kimoja. Nina mibuni mia nne aliyoiacha baba, nimeipalilia tangu nikiwa na kaptula, nimebeba magunia ya kahawa kichwani hadi shingo ikazama, lakini kinywani mwangu sijaitia. Usinicheke peke yangu, nusu ya Machame iko hivyo. Kwetu kahawa ilikuwa ada ya shule, ilikuwa bati la nyumba. Baba alituambia hiyo siyo ya kunywa, ni ya kuuza. Utotoni tulifyonza ule utamu wa tunda likiwa jekundu, tukatema mbegu, mbegu ikaanikwa ikaenda zake. Sisi tukanywa chai ya maziwa. Hakuna ubaya. Ubaya ni kusimama mbele za watu unaeleza ukali wa kikombe cha kwanza, na hujui.

Wiki tatu kabla ya safari, Martha akaja na habari.

"Mwalimu, kuna mama Mwethiopia anakaa Rau, kule chini Moshi. Anaitwa Almaz. Ni mjane wa marehemu Filemon, yule wa hapa bondeni aliyekuwa fundi wa magari Nairobi. Shuka ukamwombe Jumamosi apande, atuonyeshe mwenyewe kwa vitendo. Wewe utakuwa unamsaidia."

Nitakuwa namsaidia! Mimi, mwenye daftari! Nilisema sawa, lakini nilisema kwa meno.

Nikashuka Rau na kilo moja ya kahawa ya shambani kwangu kama zawadi. Mama Almaz alikuwa mwanamke mrefu, mweupe wa nywele kabla ya umri, anazungumza Kiswahili taratibu na Kimachame kidogo. Alinisalimia kwa heshima, "Shikamoo Mwalimu," akapokea ile kahawa kwa mikono miwili, akainusa.

"Umeilima mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Aika mbe," akashukuru kwa Kimachame. "Basi tuinywe, uniambie ladha yake ikoje nikiikaanga vile na nikiikaanga hivi."

"Hapana mama," nikasema, "daktari kanikataza. Presha."

Alinitazama kidogo. Hakuwa na ubaya wowote usoni, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Pole. Lakini kabla ya kukatazwa ulikuwa unainywa?"

"Ndiyo, sana," nikasema. "Vikombe vyote vitatu."

"Vizuri. Maana mtu hawezi kuwafundisha wengine kuketi kwenye kahawa kama hajawahi kuketi. Jumamosi nitakuuliza mbele yao, watasikia kwa mtu wao."

Alikubali kupanda. Alisema ataleta injera na mchuzi wa dengu, atakaanga kahawa hapo hapo. Alifurahi kama mtoto. Alisema tangu Filemon afariki hajapata nafasi ya kupikia watu wengi. Nami nikapanda mlima kurudi nikiwa na hasira ya mtu aliyevuliwa nguo, wakati ukweli hakuna aliyenigusa hata kifungo.

Jumatano, Alhamisi, nilikula bila hamu. Kichwani nilimwona Mama Almaz amekaa mbele ya darasa langu, ananigeukia: Mwalimu, waeleze kikombe cha kwanza kikoje. Nilimwona Pamela anasubiri. Basi Ijumaa asubuhi nikasimama kando ya uzio wa mimea ya masale unaotenganisha shamba langu na la akina Martha, nikampigia simu.

"Mama Almaz, Jumamosi imeahirishwa."

"Kwa nini? Kuna nini?"

Sikuwa nimeandaa jibu. Mwalimu mzima, sikuandaa somo! Nikasema, "Tumepata msiba."

"Jamani! Pole sana. Nani?"

Ng'ambo ya uzio Mzee Isack alikohoa, kikohozi chake cha kila asubuhi. Na jina likanitoka.

"Mzee Isack."

Halafu nikamsikia analia. Analia kweli kweli, siyo ile ya adabu. "Yule aliyetuombea pale kaburini kwa Filemon?" akauliza. "Mazishi ni lini?"

"Bado. Kuna ndugu wanasubiriwa," nikasema, nikakata simu.

Ningeweza kumpigia tena. Nilikuwa na salio, nilikuwa na siku nzima. Nilikwenda kukata majani ya ng'ombe.

Jumamosi nikawaambia watu kwamba Mama Almaz anaumwa jino. Martha akasema pole yake, Mzee Isack akasema atafune karafuu, nami nikaandika ubaoni SALAMU NA ADABU ZA UGENINI. Nilikuwa na furaha, usinidhanie vinginevyo. Nilikuwa nimesimama katikati, chaki mkononi, nawafundisha jinsi ya kuingia nyumba ya mtu kwa heshima, ndipo bajaji iliposimama getini.

Sasa wewe fikiria alichokiona yeye. Turubai limefungwa. Viti vya plastiki vimepangwa. Watu wameketi kimya. Mama Almaz alishuka amevaa nguo nyeusi, kichwani amejitanda shuka jeupe jembamba la kwao, hotipoti mbili mikononi na kikapu begani. Alianza kulia tangu getini, kama tunavyofanya sisi. Alipita katikati ya watu moja kwa moja hadi kwa Martha, akaziweka zile hotipoti chini, akamkumbatia.

"Pole mama. Pole sana. Baba ametuacha."

"Baba nani?" Martha akauliza.

"Mzee Isack."

"Mae!" Martha akamshika mabega. "Nani kakwambia?"

Na kutoka kiti cha mbele sauti ikauliza, "Nani amekufa? Mbona sijaambiwa?"

Mama Almaz aligeuka, akamwona mzee na kikombe chake. Alikwenda akamshika uso, mashavu yote mawili, kama anayehakikisha. Halafu akanitazama mimi. Hakusema kwa sauti kubwa.

"Mwalimu ndiye aliyenipigia simu. Jana asubuhi."

"Sisi katuambia unaumwa jino," Pamela akasema. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alisema kwa kunong'ona.

Chaki ilivunjika mkononi mwangu, nikabaki nachezea vipande.

Mama Almaz alikuwa anatazama hotipoti zake. "Unga niliuloweka tangu Jumanne kwa ajili ya darasa," akasema. "Mwalimu aliposema msiba, nikasema basi utakuwa chakula cha msiba. Nilipofiwa, watu wa Machame walishuka Rau siku tisa mfululizo, hata nisiowajua majina, na ndizi kichwani. Ningewezaje kukaa nyumbani?" Akamgeukia Mzee Isack. "Mzee, nashukuru Mungu upo. Chakula nimeleta, kuleni." Akachukua kikapu chake chenye jebena, akarudi kwenye bajaji. Martha alimkimbilia hadi getini, hakumpata.

Kile chakula kililiwa. Walikaa kuzunguka sinia kama nilivyowafundisha, mkono wa kulia, kila mtu anamega upande wake. Wengine walilishana. Mimi nilisimama kando ya ubao na hakuna aliyenikaribisha, wala sikustahili.

Mzee Isack aliniita mwisho. "Eliufoo. Baba yako nilimbeba jeneza mimi, bega hili. Nawe leo umenizika kwa simu?"

Martha alisema maneno machache tu: darasa limesimama, na jina langu kwenye safari limesimama, mpaka nitengeneze.

Nyumbani mke wangu, Elisifa, hakunigombeza. Ningeshukuru kama angenigombeza. Aliniwekea mtori wa ndizi mezani akaenda kukaa jikoni. Jumapili kanisani nilikaa benchi la nyuma, na bado nilihisi shingo za watu zinanitazama. Mchungaji alisoma tangazo la kipaimara, mimi nikadhani linanihusu. Jumatatu asubuhi Elisifa aliniletea panga dogo mlangoni.

"Kachume isale," akasema. "Mawili."

Kwa wasiojua, isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo. Wewe uliyemkosea mtu unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea kwa mkono. Ukilileta jani hilo, aliyekosewa hakatai. Hata kama kosa ni kubwa namna gani, hakatai. Ndivyo ilivyo kwetu tangu babu za babu zetu. Na nililichuma pale pale uziani niliposimama kupiga ile simu.

Mzee Isack alipokea lake palepale, akalipachika kwenye kofia. "Mimi nimekusamehe," akasema. "Kufa nitakufa tu, wewe umewahi kidogo. Lakini yule mama umempandisha mlima analia. Shuka Rau."

Nikashuka. Njia nzima nilijiandalia somo: jinsi nitakavyomweleza maana ya isale, asili yake, matumizi yake, kwamba asishangae. Alifungua mlango, akaniona na lile jani. Nikaanza, "Mama, hiki kwetu kinaitwa isale, na maana yake..."

"Najua maana yake," akasema. "Filemon aliniletea mara mbili. Karibu ukae."

Nikakaa. Hakulipokea. Alianza kukaanga kahawa kwenye kijiko cha chuma chenye mpini mrefu, amenipa mgongo, anazungumza.

"Kabla sijaletwa kuonyeshwa kwa wakwe, nilikaa Nairobi miezi minane najifunza mambo yenu. Nilikuwa na daftari kama lako. Namna ya kuamkia wakubwa, namna ya kumenya ndizi, nani anapewa kipande gani cha nyama. Nikaja hapa, nikakosea siku ya kwanza tu. Nilimpa mama mkwe mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa umebeba mtoto. Alinicheka hadi akakaa chini, halafu akanishika akanionyesha. Ndiyo siku niliyoanza kuwa mtu wa kwenu, Mwalimu. Siku niliyokosea wakaniona."

Akaitwanga ile kahawa, akaichemsha kwenye jebena.

"Presha imepona?" akauliza, akanimiminia.

"Sina presha. Sijawahi kunywa kahawa maishani mwangu."

Aligeuka. Nilidhani atacheka. Hakucheka, na naapa ningependa acheke.

"Kumbe hicho tu," akasema. "Kwa ajili ya hicho tu ukamzika mzee wa watu."

Nikanywa kikombe cha kwanza. Kilikuwa kikali, machozi yakanitoka, na sijui kama yote yalikuwa ya kahawa. Ilikuwa ile ile kilo niliyomletea. Miaka sitini na tatu, na ndiyo kwanza naijua kahawa ya baba yangu. Akaongeza maji kwenye jebena, akanimiminia cha pili. Hapo ndipo alipoliangalia lile jani nililoliweka magotini.

"Anayeletewa isale hakatai," akasema. "Ndiyo sababu umelileta?"

Ungekuwa wewe ungejibuje? Nilitaka kusema hapana mama, nimelileta kwa majuto. Na majuto yalikuwepo, kweli. Lakini yeye alishajua jibu, nami nilishachoka kusema uongo.

"Ndiyo," nikasema. "Nilijua huwezi kukataa."

"Na hapa hakuna anayetuona. Ukiondoka hapo nje yamekwisha, unapanda kwenda kuwaambia Mama Almaz kasamehe. Hapana. Uongo ulisemwa, nikalia mbele za watu. Jumamosi nitapanda. Utanipa jani mbele yao, useme mwenyewe kwa nini, na ile ya kahawa pia useme."

"Ile ya kahawa pia?"

"Hiyo hasa."

Nilimaliza kikombe cha pili. Akachukua jebena, akalifunika na kitambaa, akaliondoa mezani. Akainua sinia ya vikombe. "Karibu tena, Mwalimu," akasema kwa upole kabisa, akanifungulia mlango.

Nilifika barabarani ndipo nikahesabu. Vikombe viwili. Mtu mwingine yeyote wa Machame angeshukuru, angesema mama yule mkarimu, kamkaribisha kahawa mtu aliyemtenda vile. Lakini mimi nilikuwa nimesoma. Mimi nilikuwa nimeandika ubaoni, nikapiga mstari mara mbili. Katika watu wote wa mlima huu ni mimi peke yangu niliyejua nimefukuzwa. Nilimkumbuka Pamela na swali lake, nikakaa kwenye jiwe kando ya barabara mbele za watu wazima wanaopita, nikajifuta uso na kofia.

Jumamosi ilifika, maana hata ukiikataa hufika. Turubai lile lile, viti vile vile, na mkeka umetandikwa nyuma. Mama Almaz safari hii alivaa gauni jeupe, amekaa kwenye kigoda, jiko la mkaa mbele yake. Nilisimama. Sikushika chaki. Nikasema yote: kwamba sijawahi kunywa kahawa, kwamba niliogopa kuulizwa mbele yenu, kwamba nilizusha msiba, kwamba nilimchagua Mzee Isack kwa sababu tu alikohoa. Hapo mtu mmoja nyuma aliguna. Nikasema nimekaa miaka thelathini na minne nawapiga watoto fimbo kwa kusema uongo, na wengine waliokaa hapa walikuwa wanafunzi wangu.

Nikampa jani. Alilipokea kwa mikono miwili, kama alivyopokea ile kilo ya kahawa siku ya kwanza, akaliweka kwenye mapaja.

Halafu nikasema, "Nafasi yangu ya safari apewe Mama Almaz. Atawatafsiria. Na hajaonana na mama yake aliye huko miaka kumi na miwili."

Niwe mkweli hadi mwisho. Nilisubiri kidogo. Nilitegemea mmoja wao atasema hapana Mwalimu, wewe ndiye uliyetuandaa, twende nawe. Nilimtazama Martha, nikamtazama Pamela. Hakuna aliyesema. Martha alifungua daftari la kikundi, akafuta jina moja, akaandika jingine.

Basi nikaenda kukaa chini na wenzangu, mkekani, nyuma. Mama Almaz akakaanga. Moshi ukajaa turubai, Pamela akapaliwa akakohoa, watu wakatafuna bisi. Kikombe cha kwanza wakakunja nyuso kama watoto wanaopewa dawa ya minyoo, maana kumbe sikuwa peke yangu, nusu yao walikuwa hawajawahi, na hakuna aliyekuwa ametuuliza. Walicheka wenyewe kwa wenyewe. Kikombe cha pili wakaanza mazungumzo. Mimi nilinywa nikiangalia chini.

Cha tatu alianza kumimina kwa wakubwa. Akampa Mzee Isack, akampa Martha, akazunguka mkeka. Alipofika kwangu akasimama. Nilishika kikombe changu kitupu kwa mikono miwili, na sikuthubutu kukinyanyua. Nilisikia kahawa ikiingia. Sikuamini, nikaendelea kukitazama tu kikombe, kimejaa, mvuke unanipanda usoni.

"Kunywa basi, Eliufoo," Mzee Isack akasema kutoka kiti cha mbele, isale lake bado liko kwenye kofia. "Marehemu ameshamaliza chake."